Herufi A Haina Mgongo

Kila asubuhi mlinzi alirudi kutoka lindoni, na kabla hajavua viatu alifungua chupa ya chai. Hakuifungua kwa sababu ya kiu. Aliifungua kwa sababu mke wake hakuweza. Kifuniko kile kilitaka kidole gumba, na kidole gumba cha mke wake kilikuwa kimegoma.

"Pole na kazi," mke alisema.

"Pole na kidole," mume alijibu.

Kisha mume alivua viatu vyake vizito akalala, na mke akaanza siku. Waliishi kama ndoo mbili za kisima kimoja. Moja ikipanda, nyingine inashuka. Zinakutana katikati tu, zote zimelowa.

Mtaani mke huyo aliitwa Bi Mkasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikata herufi na picha za karatasi kwa mkono. Alikata majina ya maharusi, maua ya ukumbini, wanyama wa kubandika ukutani. Watu walisema mkasi wake unajua kusoma.

Alikuwa na desturi yake. Hakuchora mbele ya karatasi hata siku moja. Alichora nyuma, tena kinyume, ili alama za penseli zisionekane mbele. Herufi B aliichora tumbo likitazama kushoto. Akimaliza kukata, aliigeuza, na B ikatazama inakotakiwa, safi kabisa. Hakuhitaji tena kulifikiria jambo hilo. Mkono wenyewe ulijua.

Lakini mkono huo sasa ulikuwa umechoka. Akiamka, kidole gumba kilikuwa kimejikunja kwenye kiganja. Alikivuta kwa mkono wa pili, nacho kilinyooka ghafla kwa mlio, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Daktari wa zahanati alikitazama, akakibonyeza, akasema bila kupindapinda.

"Mkasi uweke chini, mama. Sisemi leo na kesho tu. Ukiendelea, kidole hiki kitabaki kimejikunja, na hutashika hata kijiko."

Bi Mkasi alimuuliza, je, akiuweka chini mkasi atakuwa anafanya nini? Daktari alisema dawa ya swali hilo hana.

Wifi yake ndiye aliyekuwa nayo, chini ya kitanda.

Wifi huyo, dada wa mume, aliishi chumba cha uani. Alikuwa mwepesi wa kuanza mambo na mwepesi zaidi wa kuyaacha. Miaka miwili nyuma alijipatia mashine ya kukatia karatasi, pamoja na kompyuta mpakato ya kuiendeshea. Alitaka kutengeneza stika. Mwezi haukuisha, mashine ikaingia chini ya kitanda. Aliposikia maneno ya daktari, aliivuta nje na kuipangusa vumbi kwa kanga.

"Chukua, wifi. Mimi imenishinda."

"Na mimi ikinishinda?"

"Tutakuwa wajinga wawili. Angalau kila mmoja atakuwa na mwenzake wa kumcheka."

Ilikuwa mashine ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ndani yake kulikuwa na kisu kidogo mno, mfano wa ncha ya kalamu. Karatasi inalazwa juu ya mkeka mwembamba wa plastiki wenye gundi, ili isiteleze. Mkeka unaingia ndani ya mashine, na kisu kinatembea juu ya karatasi kufuata mchoro ulio kwenye kompyuta. Mchoro huo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta ndio unaoitwa faili. Faili likiwa zuri, kazi inakuwa nzuri. Faili likiwa baya, mashine hailalamiki. Inakata ubaya huohuo, tena kwa bidii.

Siku ya Jumatano mwalimu wa darasa la awali alikuja na kazi. Alitaka herufi zote ishirini na nne, A mpaka Z, na CH ihesabiwe kama herufi moja. Kila moja iwe kubwa kama kiganja kilichokunjuliwa, za kubandika ukutani. Alitaka pia majina ya watoto kwenye aproni zao za kuchorea. Alileta karatasi ngumu tano, nyekundu na za kung'aa upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Alisema dukani zimekwisha, hizo tano ndizo hizo. Shule inafunguliwa Jumatatu.

"Nimeona mkono wako," mwalimu alisema taratibu. "Kama haiwezekani, niambie sasa. Sitakasirika. Nitatafuta mtu mwingine, na mwaka ujao pia nitamtafuta huyohuyo."

Bi Mkasi aliitazama ile mashine mezani. Alijua kinachopimwa si herufi. Akishindwa kazi hii, atakuwa amebakiwa na njia mbili: kuacha kazi, au kurudi kwenye mkasi na kukipoteza kidole.

"Inawezekana," alisema.

Alhamisi alianza. Alichukua penseli akachora herufi A kwenye karatasi nyeupe, mistari miwili myembamba na kijiti katikati, umbo tupu lisilojazwa kitu. Aliipiga picha kwa simu, akaitia kwenye kompyuta, akaagiza mashine ikate. Kwa kujaribu, alitumia jani la kalenda ya zamani. Kisu kilitembea kikilia kama mbu. Alipobandua, mkononi mwake kulikuwa na utepe mwembamba kama uzi, uliojipinda kwa umbo la A. Aliushika, ukakatika.

"Wifi, umekata mifupa," wifi alisema. "Nyama iko wapi?"

Alijaribu tena mara tatu, na kila mara alipata uzi. Kufikia saa nane mchana mgongo ulikuwa unamuuma kama mtu aliyefua mashuka ya hospitali nzima. Wifi alimshauri aende kwa fundi mihuri, karibu na posta. Yeye pia ana mashine ya kukatia. Bi Mkasi hakutaka. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefuatwa na watu kuulizwa. Alikaa kidogo, akakitazama kidole chake, akachukua kanga akaenda.

Fundi mihuri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye wino kwenye kucha tangu ujana wake. Alipomwona mlangoni alijifanya kushtuka.

"Mkasi umeikimbilia mihuri. Dunia imekwisha."

"Usinichoshe, fundi. Nimekuja nimechoka tayari."

Alimweleza. Fundi aliupokea ule uzi wa karatasi, akauning'iniza mbele ya macho, akaelewa mara moja.

"Sikiliza. Mashine hii ni kipofu. Haijui A wala twiga. Inachojua ni ukingo tu, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Mstari wako wa penseli una upande wa nje na upande wa ndani. Kwa hiyo una kingo mbili. Imekata zote mbili, na ikakupa wino wa katikati."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaza. Herufi yote iwe nyeusi tii, isiwe na doa jeupe ndani isipokuwa lile tundu lake. Halafu piga picha mahali penye mwanga, bila kivuli. Itafuata ukingo wa nje, na tundu la ndani, basi."

Bi Mkasi alirudi nyumbani na kalamu nene ya wino aliyoazimwa. Alijaza A. Alijaribu kwenye jani la kalenda, na A ikatoka imara, pembe kali kama ya kiwandani. Hata mlinzi, aliyekuwa anavaa sare ili aende kazini, alisimama akaishika.

"Hii umekata wewe?"

"Nimekata bila kukata," mke alisema. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Ijumaa asubuhi alikaa akachora herufi zote zilizobaki na kuzijaza wino. Kazi ya kalamu haikumuumiza sana, kwa sababu aliishika kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila gumba. Alipiga picha, akapanga herufi sita kwa kila karatasi. Karatasi nne zingetosha, ya tano ingekuwa akiba. Alilaza karatasi ya kwanza kwenye mkeka, wekundu juu, akabonyeza kitufe. Kisha ya pili. Mashine ikaendelea kulia kama mbu, naye akaegemea ukuta. Macho yakamshinda.

Aliamshwa na kimya. Wifi alikuwa amesimama mezani, herufi zimepangwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Wifi, njoo uone."

A ilikuwa sawa. B ilikuwa imegeuza tumbo kushoto. CH imekuwa HC, na C yenyewe imepinda kuelekea upande usio wake. D, E, F, G, zote zilitazama nyuma, kama watu waliosusa. Herufi kumi na mbili, karatasi mbili kati ya tano. Na kuzipindua haikusaidia, maana upande wa pili ulikuwa mweupe.

Bi Mkasi hakulia. Hakuwa na nguvu za kulia. Aliwaza hesabu moja tu: zimebaki karatasi tatu. Akahisi amani mbaya ikimshukia, amani ya mtu aliyekata tamaa. Aliinuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa mkasi. Kwa mkasi angemaliza, maana mkasi haukuwahi kumgeuka. Kidole kitajijua.

Alipouingiza kidole kwenye tundu la mkasi, maumivu yalimpanda mpaka kwenye kiwiko. Hata hivyo akavuta karatasi.

Wifi aliushika ule mkasi kwa upande wa makali.

"Niachie, wifi."

"Niachie wewe. Ukivuta utanikata, na hapo tutakuwa na mikono miwili mibovu nyumba hii." Hakulegeza mkono. "Kaka yangu anakufungulia chai kila asubuhi na hasemi kitu. Unadhani haoni? Juzi kaniuliza kama kidole kikikatwa hospitali mtu anaumwa sana."

Bi Mkasi aliuachia mkasi. Wifi aliufunga kwenye kanga yake, akaupeleka chumbani kwake, akarudi na kutoka tena bila kusema aendako. Baada ya nusu saa alirudi na fundi mihuri, anahema, kucha zake nyeusi, na kipande cha mpira mkononi.

Fundi aliziangalia herufi kwa muda mrefu. Aliuliza zilichorwa vipi. Bi Mkasi alimweleza desturi yake: nyuma ya karatasi, kinyume. Hata hizi za mashine mkono ulizichora kinyume, bila yeye kujua.

"Na jana ulijaribu na herufi gani?"

"A."

Fundi alitikisa kichwa.

"A haina mgongo, Bi Mkasi. Itazame kwa mbele, ni A. Itazame kwa nyuma, ni A. Kosa limepita mbele yake, ikalifungulia mlango. Ukitaka kujaribu faili, jaribu na F. F haijui kuficha."

Kisha aliweka kile kipande cha mpira mezani. Ulikuwa muhuri, na maandishi yake yote yalikuwa kinyume.

"Huu nimeukata kinyume kwa makusudi. Kwa nini? Kwa sababu unabusu karatasi. Kitu kikibusu, kinajigeuza." Aliubonyeza kwenye jani la kalenda, na maneno yakasomeka sawa. "Sasa herufi yako ya ukutani, inambusu nani?"

"Haimbusu mtu."

"Basi usiigeuze. Mashine inakata upande ule unaouona wewe. Unachokiona kwenye kompyuta ndicho utakachobandika ukutani."

Bi Mkasi aliiokota ile B, akaigeuzageuza. Hatimaye alisema jambo lililokuwa likimkwama. "Miaka kumi na tisa, fundi. Kumbe nilikuwa nafanya kinyume."

"Hapana. Ulikuwa sahihi, kwa sababu mwishoni uliigeuza karatasi mwenyewe. Mashine haikujua. Ni kama umeachia mtu jiko bila kumwambia kwamba chumvi umeshatia."

Wifi alisema yeye mapishi hayo anayajua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote watatu walicheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Fundi alimwonyesha mahali pa kubonyeza kwenye kompyuta. Kitufe kimoja, na herufi zote zikageuka kama mtu aliyegeuka kitandani. Hakukuwa na haja ya kuchora upya. Lakini karatasi zilibaki tatu, na mpango ulikuwa herufi sita tu kwa kila karatasi. Fundi alihesabu, akakuna shingo, akasema hapo yeye hana la kusema. Mihuri ni midogo, hajawahi kubana kitu.

Bi Mkasi ndiye aliyesogeza kiti karibu.

Kwanza aliziokota zile herufi zilizokatwa. Zipo nyingine zisizo na mgongo, alisema, akatoa A, H na I, akaziweka pembeni. Hizo zilikuwa salama. Zikabaki ishirini na moja. Kisha akaanza kuzisogeza herufi kwenye kompyuta, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Alifanya kama alivyofanya siku zote alipokuwa na karatasi ndogo na maua mengi ya kukata. L aliipindua ikalala ubavu, akaichomeka J kwenye kona yake. V aliisimamisha kwa kichwa, ikaingia katikati ya miguu ya M. Alihesabu: saba. Akahesabu karatasi ya pili: saba. Ya tatu: saba.

Fundi mihuri alikunja mikono kifuani. "Hilo mashine haikufundishi," alisema.

Akamwonya jambo moja. Alikuwa ameibana CH mpaka C na H zikapandana kidogo. Kisu hufuata kila ukingo kinaopewa, kwa hiyo kingepita palepale zilipopandana na kuzitenganisha vipande. Lazima kwanza uiambie kompyuta kwamba hicho ni kitu kimoja. Akamwonyesha namna ya kuziunganisha, na ule mstari wa katikati ukatoweka.

Jumamosi asubuhi, kabla ya karatasi nzuri, Bi Mkasi alikata F moja kwenye jani la kalenda. Aliishika mbele ya dirisha. Ilitazama kulia. Ndipo akalaza karatasi nyekundu kwenye mkeka. Safari hii hakuegemea ukuta. Alikaa wima mpaka herufi ya mwisho, macho yakimuuma, hakupepesa hata kidogo. Zilitoka zote ishirini na moja, na mabaki ya karatasi yalikuwa vipande visivyofaa hata kutengenezea kishada.

Zikabaki aproni.

Majina yalitakiwa kukatwa kwenye plastiki laini ya rangi, ile inayobandikwa kwenye nguo kwa pasi ya moto. Jumapili mchana Bi Mkasi aliiandaa kompyuta. Wifi alisimama nyuma yake kama mkaguzi. Aliona majina yakiwa yameandikwa sawasawa, akaridhika. Kisha akamwona Bi Mkasi anabonyeza kile kitufe, na majina yote yakageuka kinyume.

"Wifi, umelewa usingizi? Fundi amesema tusigeuze."

"Amesema tuulize inambusu nani." Bi Mkasi aliichukua ile plastiki, akaupapasa upande wa ndani. "Huu ndio upande wa gundi. Kisu kinakata upande huu. Halafu naigeuza, inalala kifudifudi juu ya nguo, na pasi inapita mgongoni. Hii inabusu, wifi. Huu ni muhuri."

Wifi hakuamini. Bi Mkasi naye, kusema kweli, hakujiamini sana. Hakujitia ujasiri. Alikata F moja, ikatoka imegeuka. Akailaza juu ya kitambaa cha zamani cha kupangusia meza, gundi chini, akapitisha pasi, akangoja ipoe. Alipobandua ngozi angavu inayoishikilia plastiki mgongoni, F ilibaki kwenye kitambaa, inatazama kulia, imetulia.

Wifi aliitazama F hiyo, akamtazama wifi yake.

"Basi mimi ndiye mjinga niliyebaki peke yangu," alisema.

"Kaa hapa. Nitakufundisha."

Na kweli alikaa. Bi Mkasi alikata, wifi akapiga pasi, na jua halijazama aproni zote zilikuwa zimekunjwa kwenye kapu.

Jumatatu mwalimu alibandika herufi ukutani, akazirudia kuzitazama, akapapasa kona ya CH kwa kidole. Kisha aliuliza kama Bi Mkasi angeweza kumtengenezea na tarakimu, moja mpaka kumi, mkono wake ukiruhusu.

"Mkono umepumzika," Bi Mkasi alisema. "Nitazifanya."

Ilikuwa kweli, ingawa kupona hakukuja kwa siku moja. Alikwenda zahanati kila wiki. Alifanya yale mazoezi ya kukunja na kukunjua aliyoonyeshwa. Kazi zilikuja, naye alizifanya kwa utaratibu uleule: kwanza ajaze mchoro, kisha aulize kitu hiki kinambusu nani, kisha akate F moja kwenye jani la kalenda. Kalenda ya zamani ikaisha, akaanza kutumia maboksi ya sabuni. Mkasi ulibaki chumbani kwa wifi, na hakuna aliyeuulizia.

Wiki ya saba, mlinzi alirudi asubuhi na mvua mabegani. Alienda moja kwa moja mezani, mkono wake ukainuka kuelekea kwenye chupa, kama kawaida. Akasimama. Kikombe kilikuwa kimeshamiminwa, na mvuke bado unapanda.

Alimtazama mke wake. Mke alikuwa anapanga herufi kwenye kompyuta, hakugeuka.

"Nani kafungua?"

"Kunywa," mke alisema, "itapoa."